Bawabu Mbele ya Mfalme: Maigizo ya Jadi ya Odisha Yalikotoka

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa sanaa za maonyesho. Nimeona video ya mtu aliyevaa taji, kapanda tembo katikati ya mji mmoja wa India, anawatoza faini wenye maduka, nao wanacheka na kulipa. Maelezo yake yanasema ni jatra, igizo la jadi la Waoria wa mashariki mwa India. Kitabu nilicho nacho kinasema tamthilia ya Kioria ilianza mwaka 1877. Je, huyu mwenye tembo ni wa lini? Haya ni ibada au ni burudani? Na kuna kipande ambacho sisi wanafunzi tunaweza kukijaribu?"

Marahaba, mwanangu. Umeanza na tembo badala ya kitabu, na hapo umepatia. Ukianza na kitabu utafika 1877 na njia itakuishia hapo.

Tuuweke sawa mwaka huo kwanza. Ni mwaka wa Babaji, tamthilia ya Jagmohan Lala iliyoigizwa eneo la Mahanga, wilayani Cuttack. Ndiyo inayohesabiwa kuwa tamthilia ya kwanza ya Kioria kwa maana ya kisasa. Mwaka 1880 Ramashankar Ray akatoa Kanchi Kaveri, na wasomi wa mijini wakawa wamepata mkondo wa kuufuata. Kitabu chako hakikudanganya. Kimehesabu kilichoandikwa kwa mtindo wa wasomi. Lakini wakati huo vijiji vilivyoizunguka Mahanga vilikuwa tayari vinakesha na maigizo ya aina yao, bila pazia, na mara nyingi bila karatasi.

Kabla hatujaenda mbele, neno dogo kuhusu majina. Tangu 2011 jina rasmi la jimbo ni Odisha, si Orissa tena, na lugha ni Kiodia. Vitabu vya zamani vitakuandikia Kioria, ni lugha ileile. Mimi nitatumia majina ya sasa.

Ukiuliza chanzo cha mbali kabisa, watu watakupeleka kwenye vilima vya Udayagiri na Khandagiri, pembeni mwa Bhubaneswar. Katika pango la Hathigumpha kuna maandishi ya mfalme Kharavela wa Kalinga, yaliyochongwa karne moja au mbili kabla ya Kristo. Yanasema kwamba katika mwaka wa 3 wa utawala wake aliwastarehesha watu wa mji mkuu kwa ngoma, nyimbo, ala na sherehe. Pango jirani, Rani Gumpha, lina michongo ya wachezaji na wapigaji ala. Natyashastra, kitabu kikuu cha kale cha sanaa za jukwaa India, kinautaja mtindo wa Odra-Magadhi, na Odra ni jina la kale la sehemu hizo. Kisha kuna hekalu la Jua la Konark, la karne ya 13, lenye ukumbi wa ngoma ambao kuta zake zimejaa sanamu za wanawake wanaocheza na kupiga ngoma.

Wapo wanaovuta uzi mmoja kutoka pango la Kharavela hadi jatra ya leo. Mimi siuvuti. Mawe hayo yanathibitisha kwamba watu walipenda michezo na wafalme waliigharimia. Hayatuambii mkulima wa Ganjam, wilaya ya kusini, alikuwa akiigiza nini usiku, na huyo ndiye tunayemtafuta. Njia ya kumpata ni kutazama michezo ambayo bado inachezwa, kisha kuuliza kila mmoja: nani anacheza, mbele ya nani, na nani anaruhusiwa kusema nini?

Anza na Danda Nata, hasa ya Ganjam. Danda ni fimbo, na pia ni adhabu. Kila mwaka katika mwezi wa Chaitra, kati ya Machi na Aprili jua linapochoma, wanaume walioweka nadhiri kwa Shiva na kwa mungu wa kike Kali huacha nyumba zao. Hutembea kundi zima, miguu mitupu, kijiji hadi kijiji, mara nyingi kwa siku 13 au 21. Hufunga, hujiepusha na wake zao, na chakula chao kina masharti. Mchana hulala juu ya vumbi la moto na kufanya mazoezi mazito ya viungo. Hiyo ndiyo adhabu ya vumbi. Halafu huingia bwawani kwa adhabu ya maji. Siku ya mwisho ni Sankranti ya katikati ya Aprili, mwaka mpya wa Waodia.

Na usiku? Usiku watu walewale waliokuwa wakijitesa mchana hupiga ngoma na kuanza kuigiza. Anaingia mtega ndege na mkewe, wanagombana. Anaingia mcheza na nyoka. Anaingia yogi, anaingia fakiri na mkewe. Ni watu wa njiani, wa hali ya chini, na kila jozi ina nyimbo zake, mizaha yake na ugomvi wake wa ndoa. Hadhira inacheka hadi alfajiri, kisha kundi linaondoka kwenda kijiji kingine kulala juu ya vumbi tena.

Uliuliza kama haya ni ibada au burudani. Kwa Danda Nata swali hilo halina mahali pa kushika. Kicheko cha usiku ni sehemu ya nadhiri ya mchana. Mwenye nyumba anayelialika kundi uani kwake anapata baraka, na jirani zake wanapata mchezo, katika uwanja uleule na kwa gharama ileile.

Sasa twende kaskazini, Bhadrak, ambako kuna mchezo ambao jina lake litakugusa: Mughal Tamasha. Ndiyo, ni tamasha hilihili letu. Neno limesafiri kwa Waarabu na Waajemi likafika kwao na likafika kwetu, likabaki na maana karibu ileile. Ili uuelewe mchezo huu kumbuka kilichoipata Odisha. Ufalme wa mwisho wa Kihindu uliojitawala uliangushwa mwaka 1568 na majeshi ya sultani wa Bengal. Baada yao wakaja Wamughal, watawala Waislamu wa India kaskazini, kisha Wamaratha mwaka 1751, kisha Waingereza mwaka 1803. Mkulima wa Bhadrak aliona watoza kodi wa kila lugha. Katika karne ya 18 mshairi wa huko, Bansiballabh Goswami, akatunga tamasha ambamo lugha hizo zote zinagongana: Kiajemi, Kiurdu, Kihindi na Kiodia.

Mhusika mkuu ni Mirza, bwana mkubwa wa Kimughal. Anaingia na makuu yake, na kazi yake karibu yote ni kuita watumishi. Anamtaka mwenye buruma, anamtaka wa kumpepea, anamtaka mchukuzi wa maji. Kila mtumishi anafika kwa wakati wake, anajibu kwa lugha yake, na katika kujibu huko ukubwa wa Mirza unaporomoka kidogokidogo mbele ya watu wote. Mchezo huchezwa msimu wa Chaitra mbele ya hekalu la Shiva, na unawaweka Wahindu na Waislamu pamoja uwanjani. Mimi nauona kuwa moja ya kazi bora kabisa za kejeli katika India yote, na inaniuma kwamba wanaoimudu lugha yake ya mchanganyiko wanazidi kupungua.

Shika hilo la mtumishi anayemjibu bwana, kwa sababu ndilo litakalotupeleka hadi kwa tembo wako.

Kusini, Ganjam, kuna Bharata Lila. Lila ni mchezo, hasa mchezo wa kimungu. Hadithi imetoka katika Mahabharata, utenzi mkuu wa kale wa India: Subhadra, dada yake mungu Krishna, anampenda shujaa Arjuna. Wahusika ni wanne tu, yaani Arjuna, Subhadra, Satyabhama mke wa Krishna, na duari. Duari ni bawabu. Anasimama mlangoni, anapeleka ujumbe huku, anarudisha majibu kule, anawatania wapenzi, anatafsiri maneno mazito ya waungwana kwa lugha ya sokoni. Katika Mahabharata huyu hana umuhimu wowote. Uwanjani amekuwa mkubwa kuliko shujaa mwenyewe, kiasi kwamba watu wameuita mchezo mzima Duari Nata, mchezo wa bawabu.

Kwa nini aweze kukua hivyo? Kwa sababu hadhira haikuja kusikia hadithi. Hadithi inaijua. Sarala Das aliisimulia Mahabharata nzima kwa Kiodia katika karne ya 15, kwa lugha ya mkulima, naye mwenyewe alikuwa mkulima. Karne iliyofuata Jagannath Das akaileta Bhagabata, kitabu kitakatifu cha habari za Krishna, kwa Kiodia chepesi, na vijiji vikajenga vibanda maalumu ambamo ilisomwa jioni kwa sauti. Mtu asiyejua kusoma alikua akijua Arjuna ni nani kama anavyomjua mjomba wake. Basi mwigizaji hana kazi ya kumweleza nani kamwoa nani. Anabaki huru kumtumia bawabu aseme ya leo: bei ya mchele, karani mla rushwa, tajiri wa kijiji ambaye pengine amekaa palepale mbele.

Ganjam hiyohiyo ina Prahlada Nataka, na hapa mfalme ndiye anayetawala uwanja. Mchezo huu wa karne ya 19 unahusishwa na ikulu ya Jalantara na raja wake Ramakrishna Chhotaraya. Wakati wa Waingereza eneo hilo lilitawaliwa kutoka Madras, si Bengal, ndiyo maana muziki wake una harufu ya kusini. Jukwaa lake ni ngazi za mbao zinazopanda, na juu kabisa kuna kiti cha enzi. Hiranyakashipu, mfalme dhalimu anayedai yeye ndiye mungu, anapanda na kushuka ngazi hizo kwa vishindo, upanga mkononi, usiku kucha, huku mwanawe Prahlada akikataa kuliacha jina la mungu Vishnu. Chini pembeni yupo gahaka, mwimbaji mkuu anayeongoza mambo yote. Mwishoni anatokea Narasimha, nusu mtu nusu simba. Kinyago chake hakikai kabatini pamoja na mavazi mengine. Hutunzwa na kuabudiwa. Anayekivaa hufunga kwanza, na akishakivaa hupagawa, hata inabidi watu wenye nguvu wamshike asimdhuru kweli yule anayeigiza mfalme.

Kuna vingine ambavyo nitavipita upesi. Pala ni kundi dogo: mwimbaji mkuu aliyeshika mgwisho wa mkia wa yaki, wapokeaji wake wenye matoazi, na mpiga ngoma ya mridanga. Asili yake ni ibada ya Satyapir, ambaye Wahindu na Waislamu walimheshimu pamoja. Makundi mawili yakipambana huitwa badi pala, na hapo mwimbaji huulizwa fumbo la ushairi wa kale papohapo mbele ya watu. Aliyezoea malumbano ya washairi wetu hahitaji kuelezwa joto lake. Daskathia ni watu wawili tu na vijiti vyao vya kugongesha. Ravana Chhaya, ya kijiji cha Odasha wilayani Angul, ni vivuli vya vikaragosi vya ngozi visivyo na viungo vya kukunja, na ni jambo la kufikirisha kwamba mchezo unaosimulia habari za Rama, shujaa wa utenzi wa Ramayana, umepewa jina la adui yake Ravana. Wenyeji husema Rama ni nuru, na nuru haina kivuli. Chhau ya Mayurbhanj, ngoma ya kivita isiyotumia vinyago, ililelewa na wafalme wa ukoo wa Bhanj. Ufalme wao ulipounganishwa na Odisha Januari 1949, mlezi akaondoka, na wachezaji wakapata taabu ambayo waliocheza mbele ya wakulima hawakuipata. Mwaka 2010 UNESCO iliiandika Chhau kuwa urithi wa binadamu.

Sasa jatra yenyewe. Neno maana yake ni safari, msafara wa kwenda mahali patakatifu, kama ule wa mungu Jagannath anapotolewa hekaluni Puri na kuvutwa kwa magari makubwa ya mbao. Chaitanya, mtawa wa Bengal aliyemwabudu Krishna kwa nyimbo na kucheza, alifika Puri mwaka 1510 na kuishi huko sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki. Wafuasi wake waliimba na kuigiza maisha ya Krishna njiani. Kwa sababu hiyo wengi husema jatra ya Odisha ni mtoto wa jatra ya Bengal.

Kuna ukweli ndani yake, na kuna kidonda pia. Katika karne ya 19 Waodia walikuwa wamegawanywa kati ya tawala tatu za Waingereza. Njaa ya 1866 iliua kiasi cha watu milioni moja. Maofisa na walimu wengi walitoka Bengal, na mwaka 1870 mwalimu mmoja Mbengali alichapisha kijitabu kudai kwamba Kiodia si lugha inayojitegemea, hivyo shule zifundishe kwa Kibengali. Makundi ya jatra ya Kibengali nayo yalikuwa yakizunguka na kupendwa. Kijana wa Mahanga aliyeamua baadaye kutunga jatra kwa Kiodia alikuwa akitetea zaidi ya burudani.

Kijana huyo ni Baishnab Pani, aliyezaliwa mwaka 1882, eneo lilelile lililoiona Babaji miaka 5 kabla. Alitoka nyumba maskini na hakupata shule ya maana. Kabla yake wazee walikuwa na suanga, mchezo wa nyimbo mfululizo, mizaha na ngoma. Pani aliichukua suanga, akaingiza mazungumzo ya kawaida katikati ya nyimbo, akafupisha, akaongeza mapigano na ucheshi, akaita gitinatya, mchezo wa nyimbo. Aliandika mingi mno, mingine hadithi za Ramayana na Mahabharata kama kuuawa kwa Kichaka na kuuawa kwa Meghanada. Alitumia maneno ya barabarani, hata ya Kiingereza yaliyovunjikavunjika mdomoni mwa watu.

Na akampa bawabu kazi kubwa kuliko aliyowahi kuwa nayo. Katika jatra, duari ndiye anayekuja mapema kufungua mchezo, na ndiye anayesimama karibu na mfalme dhalimu na kusema lile ambalo kila mtu uwanjani analiwaza. Mfalme ni Kansa au Ravana, wa zamani za kale, amevaa taji la karatasi ya dhahabu. Serikali ya Kiingereza ilikuwa na sheria ya mwaka 1876 ya kudhibiti maigizo, lakini utamshitaki nani kwa kumkaripia Ravana? Watazamaji walijua Ravana huyo anakaa ofisi gani. Pani alifariki mwaka 1956, akiwa ameiona India huru.

Tangu hapo jatra imekuwa biashara kubwa. Makundi hufungua michezo mipya msimu wa sherehe ya magari ya Puri, kisha huzunguka miezi mingi na malori yao ya taa, spika na mabati. Jukwaa ni la chini, watu wamelizunguka pande tatu, na waigizaji huingia kwa njia ndefu inayokatiza katikati ya hadhira. Wanawake, waliokuwa wakiigizwa na wavulana, sasa huigiza wenyewe. Hadithi za miungu zimepungua, zimejaa za familia na siasa, pamoja na ngoma za kuiga sinema. Wazee wanalalamika, na katika jambo moja nakubaliana nao: spika zimekuwa kali hata mwigizaji hawezi tena kutaniana na mtu wa mstari wa mbele, na hapo ndipo bawabu alipopatia riziki yake.

Nimefika kwa tembo wako. Uliyemwona ni Kansa, mjomba dhalimu wa Krishna, na mji ni Bargarh, magharibi mwa Odisha. Mchezo unaitwa Dhanu Jatra. Ulianza mara tu baada ya uhuru wa 1947, kwa hiyo ni mchanga kuliko Babaji kwa miaka 70. Kwa siku 11, kuelekea mwezi mpevu wa Desemba au Januari, Bargarh inakuwa Mathura, mji wa Kansa. Mto Jira unakuwa Yamuna. Kijiji cha Ambapali, ng'ambo, kinakuwa Gopapura anakolelewa Krishna. Hakuna ukumbi, mji mzima ndio jukwaa, na kila anayepita barabarani yumo mchezoni apende asipende. Kansa anazunguka juu ya tembo, anakagua masoko, anawahoji maofisa wa kweli wa serikali kuhusu barabara mbovu na takataka, anawatoza faini, nao hulipa. Siku ya mwisho Krishna anamuua, na sanamu yake inachomwa. Watu waliokwisha kuona dola moja ikiondoka walipenda kuitazama ikiondoka tena kila mwaka. Mwaka 2014 serikali ya India iliutambua kuwa tamasha la kitaifa.

Angalia kilichogeuka. Kwa Pani, bawabu alimsema mfalme kwa niaba ya watu. Bargarh, mfalme mwenyewe anatumwa na watu kuwasema maofisa, halafu anakufa. Bawabu hayumo kwa jina, lakini wale wenye maduka wanaocheka na kulipa, wanaomjibu Kansa aliye juu ya tembo wake kwa maneno yao wenyewe, wamesimama pale alipokuwa akisimama yeye.

Kuhusu kipande cha darasani: msiguse Prahlada Nataka. Kinyago kile ni cha watu na kina wenyewe. Danda Nata bila nadhiri ni mazoezi ya viungo tu. Chukueni Bharata Lila. Wahusika wanne, waimbaji wawili pembeni, ngoma na matoazi, uwanja mtupu, watu pande zote. Hadithi ya Subhadra na Arjuna isimulieni kwa ufupi mwanzoni, kwa kuwa hadhira yenu haijakua nayo. Msianze kwa kumtafuta Arjuna. Kijana mrefu mwenye sauti hakosekani. Tafuteni kwanza bawabu, mtu mwenye ulimi mwepesi anayejua chuo chenu vizuri, kuanzia foleni ya chakula hadi mlango wa mhasibu, na mumwachie nafasi kila anapofungua mlango.